Bango la Jogoo wa Mzee Simeoni

Jumatatu, 4 Agosti
Kazi imepatikana! Mzee Simeoni, baba yake Evodia, anataka bango la jogoo wake, mita mbili kwa tatu, kwa maonyesho ya kuku hapa Ilongero siku ya Ijumaa. Likipendeza, nitasikilizwa kuhusu Evodia. Nimempiga jogoo picha thelathini. Festo, mwalimu wa kompyuta, ambaye naye anamnyemelea Evodia, amejitolea kunisaidia. Nimemshukuru na kumkatalia.

Jumanne, 5 Agosti
Mzee kaona picha, kafurahi mno. Kasema jogoo amezeeka, na maadamu sura imehifadhiwa, achinjwe kwa heshima ya fundi. Nimepewa firigisi! Mimi, mkwe mtarajiwa. Nyama ngumu, nimetafuna yote.
Jioni nimehamishia picha kwenye kompyuta, nikazifuta kwenye simu. Kompyuta ikalalamika imejaa. Nikaandika msimbo wa mistari sita, ukapunguza kila picha hadi upana wa pikseli 160, yaani vidoa 160 vya rangi, na kuihifadhi badala ya ile ya mwanzo. Sekunde mbili! Usafi ulioje.

Jumatano, 6 Agosti
Nimebadili namba moja tu: 160 ikawa 6000. Msimbo umetii bila kunung'unika. Faili limenenepa. Jogoo, wapi! Jicho lake ni miraba minne ya kijivu.
Nimemuuliza Festo, kwa niaba ya rafiki. Kasema pikseli ni kama uwele: ukimwaga gunia ukabaki na kiganja kimoja, hata ukikitandaza ukumbi mzima hakiwi gunia. Kashauri rafiki akampige jogoo picha upya. Jogoo nilishammeza.

Alhamisi, 7 Agosti
Sishindwi! Nimechapisha bango mjini, nimerudi nalo kwa bodaboda. Nimegundua kwamba ukisimama mbali, miraba inaungana. Hatua kumi: matofali. Ishirini: pengine mbuzi. Arobaini: jogoo, tena mwenye majivuno! Nimenunua kamba.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimetundika bango mwisho wa uwanja, nikafunga kamba hatua arobaini mbele yake. Makofi! Mzee kanishika bega, kaniita mwanangu. Mwanangu!
Kisha kainama, kapita chini ya kamba. Nimemsihi arudi, jua kali. Hakurudi. Kafika, kavaa miwani, kaivua. Kauliza jogoo wake yuko wapi. Mama Evodia kajibu kwa sauti kwamba nilimla. Uwanja mzima umecheka, Evodia naye. Imeniuma.
Mzee hakufoka. Kasema bango hili linapendeza kwa mbali, na huenda nami ni mkwe wa kupendeza kwa mbali. Basi nikae hatua arobaini kutoka kwa Evodia mpaka nimletee jogoo wa kufanana na yule.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimepima kutoka mlangoni kwa kina Evodia. Hatua arobaini zinaishia kwenye mtaro wa barabara. Nimesimama humo. Evodia katoka kufagia, kanipungia ufagio. Nadhani alinipungia. Nimempiga picha, nikaivuta mpaka simu ikagoma. Amechukua pikseli kumi na mbili tu, nyingi nyekundu, za kanga yake.
Nimeshafungua kompyuta. Safari hii naandika 12000.