Wale Sita Niliowapiga Bandarini

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Serahangi kahamia mtaani! Binti yake, aliyeolewa nyuma ya kiwanda cha sabuni, kamchukua akae naye. Tulisafiri meli moja ujanani, mimi jikoni, yeye msimamizi wa mabaharia sitahani. Habari nimezipata kwa kinyozi, nusura sikio liende. Pale baa kila mtu anajua nilivyowapiga mabaharia sita wa kigeni kwa kigoda, kwenye kilabu cha bandari ya mbali. Ndiyo maana kiti cha dirishani ni changu. Ndiyo maana baba mkwe wa binti yangu hunipisha mlangoni. Sasa kaja mtu aliyekuwepo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda kumjulia hali. Nywele zimekwisha, mikono bado makasia. Nikamwambia baa ya mtaa imefungwa, bomba la maji machafu limepasuka. Akasikitika sana. Mke wangu, tuliyeongozana naye, akauliza basi jana nilitoka wapi naimba. Mwanamke huyu!

Ijumaa, 8 Machi
Mpango wa pili. Nimemnong'oneza mwenye baa kwamba Serahangi aliangukiwa na mnyororo wa nanga kichwani, maneno yake ni ya kuhurumiwa tu. Mwenye baa kawatangazia wote. Sasa wote wana hamu ya kumsikia. Kesho kaalikwa.

Jumamosi, 9 Machi
Kaja. Wamempa kiti. Changu! Baba mkwe wa binti yangu akaomba kisa cha wale sita. Watu wakasogeza viti. Nikapima umbali wa mlango. Maana ukweli ni huu: vigoda vilipoanza kuruka nilikimbilia chooni, nikakuta mlango umekomewa kwa ndani. Nikabembeleza. Aliyefungua na kunivuta ndani ni Serahangi mwenyewe. Tulichuchumaa humo mpaka Bonge, fundi wa injini, alipowamaliza wote sita peke yake.
Akanitazama. Nikamtazama. Akafuta povu mdomoni.
"Huyu aliwapiga watatu," akasema taratibu. "Watatu waliobaki nikamalizana nao mimi."
Makofi! Kumbe miaka yote naye huko kwao alikuwa na kiti chake cha dirishani.

Jumapili, 10 Machi
Ningemshukuru Mungu nikalala. Lakini watatu? Watatu tu? Leo mkwe kanisalimia bila hata kuinuka. Na Serahangi kaanza kusema kwamba, akikumbuka vizuri, aliowapiga yeye walikuwa wanne. Mwizi wa mchana! Mke wangu kasema funika kombe mwanaharamu apite. Sifuniki kitu. Shahidi ninaye. Nimeulizia kwa mabaharia wa zamani mpaka nikapata simu ya Bonge. Yu mzima, kumbukumbu kali kama wembe. Kafurahi mno kualikwa. Jumamosi anakuja mwenyewe, aisimulie baa nzima nani hasa aliwapiga wale sita.