Kamera ya Biharamulo na Kompyuta ya Benako

Jumatatu, 5 Juni 2006

Kamera imefika! Shemeji Gozbert ameileta kutoka Biharamulo mjini, imefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Nyeusi. Nzito. Mdomo wake kama kikombe cha uji. Ya Ernesta, mpiga picha mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, ni ndogo kama kipande cha sabuni ya wiki iliyopita.

Fideli aliporudi shamba akauliza mbuzi yuko wapi. Nikamwonyesha kamera. Akaigeuza huku na huku, akauliza kama inazaa. Mume wangu mzuri, lakini haoni mbali.

Nimeiweka dirishani ikimtazama Ernesta. Amepita, akasema hongera mama Ndizeye. Hongera gani ile? Nililiona jicho.

Wateja wote wamehamia kwake. Sawa. Mama yangu hatahamia. Yuko kambini Lukole, na Ijumaa anapanda lori la kurudi Burundi. Ameniomba kitu kimoja tu: picha ya Ndizeye, ya karatasi, ya kushika mkononi, awaonyeshe ndugu kule Muyinga kwamba ana mjukuu. Nimemwapia.

Jumanne, 6 Juni

Nimempiga Ndizeye picha kwenye mkeka. Miezi mitano, jino hata moja hana, lakini anacheka mpaka vidole vya miguu. Kwenye kioo cha kamera anang'aa. Hata ute wa kidevuni unaonekana! Nimelia kidogo. Ernesta hajawahi kumpiga mtu picha ute ukaonekana.

Jioni nikaunganisha waya. Kompyuta yangu tuliachiwa na shirika moja lilipofunga ofisi yake, pamoja na programu ya kurekebishia picha iliyokuwa ndani. Programu ya zamani kuliko ndoa yangu. Haijawahi kunisumbua. Leo inasema haitambui aina hii ya picha.

Haitambui! Mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Nikafungua tena. Haitambui. Nikazima, nikawasha. Haitambui. Bigirimana kinyozi, ambaye tunachangia jenereta yake, akaja kuizima. Kasema umeme wake ni wa kunyolea watu, si wa kugombana na masanduku.

Jumatano, 7 Juni

Nimekwenda kwa Ernesta kuazima chumvi. Chumvi ninayo. Nilitaka kuona kompyuta yake. Nimeona! Majina ya picha zake yote yanaishia na herufi za jpg. Ya kwangu yanaishia na herufi nyingine kabisa, za ajabu ajabu.

Basi nikaelewa. Huku kwetu ni wangapi tumebadilishwa majina ndipo tukapokelewa? Mimi mwenyewe naitwa Niragira, lakini nesi wa kliniki alishindwa kulitamka, akaniandika Domina, na dawa nikapewa. Nikakaa nikazibadilisha majina picha zote, moja moja, huku Ndizeye ananyonya. Zote sasa jpg. Nikafungua kwa furaha.

Kompyuta imesema picha zimeharibika.

Nesi yule alikuwa na huruma zaidi.

Nikampigia shemeji Gozbert kwa simu ya Bigirimana. Kasema kamera ni mpya, programu ni ya zamani, hazijuani, na jina halisaidii kitu kwa sababu kilichomo ndani ni kile kile. Kasema kamera inapiga picha za aina kubwa, ile ya mafundi wakubwa, na kuna mahali pa kubonyeza ili ipige za aina ya kawaida ambazo kila kompyuta inazifungua. Mahali penyewe amepasahau.

Za kawaida! Sikutoa mbuzi ili nipige picha za kawaida. Za kawaida anazo Ernesta.

Alhamisi, 8 Juni

Mama amekuja tangu asubuhi, kwa miguu, na mkungu mdogo wa ndizi kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanyoosha mkono. Si wa kunisalimia. Wa kupokea picha.

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akakibusu! Kisha akauliza ya karatasi iko wapi. Nikaeleza habari ya programu, na mafundi wakubwa, na herufi. Akanisikiliza vizuri sana. Akambeba Ndizeye mgongoni, akavuka barabara.

Mama yangu mzazi! Kwa Ernesta!

Niliangalia dirishani. Ernesta akamkalisha kwenye kiti chenye kitambaa, akamwita mama, akamchekesha mtoto wangu kwa kijiko. Na Ndizeye akacheka. Msaliti mdogo. Nimemsamehe, hana akili bado.

Kisha mama akatoka mlangoni akaniita kwa sauti ambayo Benako nzima ilisikia. Kasema niache ujinga nije, maana kesho anaondoka, na akifika kule atataka kumwona na aliyemzaa huyu mtoto. Nikajibu nina kazi. Akauliza kazi gani, ya kutazama dirisha? Bigirimana alicheka mpaka akamkata mteja.

Nikaenda. Nikasimama nyuma ya mama. Ernesta akaniomba nitabasamu. Nimwangalie Ernesta, halafu nitabasamu? Nilikaza mdomo kama mtu aliyemeza kwinini.

Picha ikatoka palepale, nzuri, imewiva, jina la Ernesta limegongwa kwa nyuma. Mama kaitazama, kaniuliza hivi alizaa mtoto au alizaa ngumi.

Ijumaa, 9 Juni

Lori limeondoka. Mama alikaa juu ya magunia, picha ameifunga kwenye kitambaa kifuani. Alitaka kunipungia mkono lakini ule mkono ulikuwa umeishikilia picha, akapunga wa kushoto. Vumbi likamchukua.

Leo siandiki habari za kamera.

Jumatano, 14 Juni

Dereva amerudi na salamu. Mama amefika salama. Picha imezunguka kijiji kizima. Mjukuu wamempenda. Ila wote wanauliza kwa nini mama yake amenuna vile, na shangazi wawili wamelia, na mjomba ametuma ujumbe kwamba kama Fideli ananipiga, niseme mapema.

Fideli hajala. Anasema hajawahi kuninyanyulia hata sauti, na sasa anajulikana Muyinga kama mkatili. Anataka nipigwe picha nyingine nikicheka, iende na lori lijalo. Nimesema sawa, lakini nitajipiga mwenyewe.

Ijumaa, 16 Juni

Ernesta amekuja bila kuitwa. Akaomba kamera, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akaniambia sasa itapiga za kawaida. Tukajaribu. Nikacheka mbele ya kamera, akabonyeza yeye. Kompyuta ikafungua papo hapo bila neno, printa yangu ikaitoa! Nimependeza. Meno yote yapo. Fideli kaibeba picha kama hati ya kuachiwa huru.

Ernesta hakudai kitu. Kasema tu nikikwama nimwite, sisi ni majirani. Nikamshukuru. Aliponipa kisogo nikaitazama tena ile picha.

Ni kama zake. Kabisa. Ukiziweka pamoja hujui ipi ya nani.

Kesho jirani yetu Anastazi anaoa, na amewaita wapiga picha wawili, Ernesta na mimi. Nimekaa na kamera, nimebonyeza hapa, nimebonyeza pale, mpaka nimeirudisha kwenye aina kubwa, ile ya mafundi wakubwa. Harusi nzima nitaipiga hivyo.

Wataona tofauti.