Wateja Wangu Wanaokula Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Ushindi! Mgahawa wa chapati na supu hapa Mbagala, "Kwa Mwajabu", sasa ni wangu. Milioni tatu taslimu. Masufuria, meza na mabenchi ni laki nne tu. Iliyobaki ni kilemba, yaani bei ya jina na wateja. Mkataba nimeuandika mwenyewe: "jina la mgahawa pamoja na wateja wake wote." Wote! Mwajabu alisaini haraka, akasema amechoka, anakwenda kupumzika. Maskini, hajui alichokiachia. Fedha zilikuwa za mabati ya nyumba yetu ya Chamazi. Mke wangu Zubeda yuko Tanga kwa mama yake, anarudi Jumapili. Atakuta zimezaa.

Alhamisi, 4 Septemba

Mwajabu amepumzika siku mbili. Leo kafungua ng'ambo ya barabara. Mwamvuli na jiko, hata ubao wa jina hana. Foleni mpaka kwa fundi viatu! Mimi nimepika chapati arobaini, nimeuza mbili, zote kwa Mzee Ismail, mteja wa hapa tangu zamani. Moja kairudisha. Akasema meno yake ni ya kununua, anayaonea huruma.

Nikavuka. Nikamwamkia Mwajabu vizuri, kisha nikamweleza kwamba jina la Mwajabu sasa ni mali yangu, atafute lingine. Akajibu kwamba alipewa na bibi yake kabla mimi sijazaliwa, na kama nina njaa nivute benchi. Nilikula tatu. Tamu mno! Jina nililonunua lina thamani kweli.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimempelekea daftari Atuganile, binti wa jirani anayeandika hesabu za maduka. Akasema sawa, jina na wateja huandikwa kama mali, lakini lazima uangalie kila mara kama mali hiyo bado ina thamani. Wateja wakihama, unaipunguza. Akashika kalamu aandike sifuri! Nikalinyakua daftari langu.

Nimehesabu mwenyewe dirishani. Jana wateja wangu walikuwa hamsini, leo sitini na mmoja. Wamekula kwa Mwajabu, ndiyo, lakini kwa mkataba ni wangu. Kwa hiyo kilemba nimekipandisha kutoka milioni mbili na laki sita hadi milioni tatu na nusu. Atuganile kasoma, ila biashara hajui.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimepeleka mkataba kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kausoma mara mbili. Akauliza kama ninataka wateja wakamatwe. Nikasema si lazima pingu. Akamwita karani naye aje asikie. Walipomaliza kucheka akauliza ni wapi nilipoandika kwamba Mwajabu asipike tena. Sikuandika.

Zubeda kapiga simu, anauliza tununue mabati ya rangi gani. Nikasema achague yeye.

Jumapili, 7 Septemba

Mwajabu kavuka mwenyewe! Jua linamchoma, anaitaka tena fremu yake ya mgahawa. Laki nane kwa vyote. Nikamkazia saa nzima mpaka akapanda: laki nane na elfu kumi. Nimemshinda mwanamke mjanja kuliko wote Mbagala!

Zubeda hakushangilia. Alikaa juu ya begi lake la safari, akalia. Nikamwonyesha daftari: kilemba, milioni tatu na nusu. Akauliza kama mwenye duka la mabati anapokea daftari. Iliniuma sana. Akasema basi hizo laki nane zinatosha kuezeka chumba kimoja kabla ya vuli. Nikaapa kwamba kesho nakwenda kununua.

Jumatatu, 8 Septemba

Nilikuwa nakwenda kununua, kweli kabisa. Lakini nimepitia Ubungo, nikaona saluni ya kunyoa imejaa watu mpaka mlangoni. Kinyozi mwenyewe, Khalfani, anahamia Songea wiki hii na anauza! Kilemba laki nane. Safari hii sikulala: nimeandika kwamba haruhusiwi kunyoa mtu yeyote Dar es Salaam nzima. Kasaini anacheka, tiketi ya basi mfukoni. Nani atanifungulia ng'ambo sasa? Mashine ya kunyolea sijawahi kuishika, lakini wateja sita nimewakuta kwenye benchi, na wote ni wangu.