Siku Asma Alipokwenda Kuposa Minervali

"Lipeni tu, Baba Asma! Shule iko ya Directeri, anaongeza vile anataka!"

"Na wewe Chausiku, nani alikuita mu mambo ya mutoto wangu?"

Hivyo ndivyo vita vilivyolipuka juu ya ukuta mfupi, baina ya Chausiku mwenye sauti ya kuvuka mitaa mitatu, na jirani yake Hamidu, fundi cherehani, simba wa sindano. Sogeeni, enyi watu wa Rumonge! Chai ipoe, ndagala waungue, kwa maana tendo hili halijapata kuonekana tangu ziwa letu lijae maji.

Asma binti Hamidu, mwenye shingo isiyoinama, alikuwa amepokewa katika shule ya uuguzi ya Directeri Mansuri. Minervali, yaani karo ya mwaka, ilitajwa, baba akakubali, akatoa sehemu ya kwanza, na shule ikaipokea kwa mikono miwili. Masomo yakaanza. Ndipo Directeri, sultani wa mihuri, alipoamka asubuhi moja akaiona ile minervali imekonda, maskini, akainenepesha. Asiyeongeza, Jumatatu asikanyage darasani.

"Mwaka ujao aongeze," Asma akanena ukutani, kidole juu, "atangaze mapema, nichague kubaki ao kwenda. Lakini mwaka huu tulishapatana. Sheria inafunga pande zote mbili, Mama Chausiku, haifungi mufukara peke yake!"

"Haya, mwende mumuambie," akacheka Chausiku. "Mutanikuta hapa."

Sasa, ofisini Directeri huwa daima yuko mkutanoni, hata akiwa peke yake. Kwa hiyo Jumapili jeshi la Hamidu na Asma likaelekea nyumbani kwake. Na kwa kuwa sisi hatuendi kwa mkubwa kwa jambo zito tukiwa kama tunakwenda sokoni, wajomba wakavaa kanzu zilizopigwa pasi, shangazi Hadjara akabeba sinia lililofunikwa kitambaa, wakatembea kwa mstari na kwa heshima zote.

Directeri akachungulia dirishani. Kanzu! Sinia! Naye ana binti, Aisha, ambaye mtaa mzima umechoka kuuliza ataolewa lini. Akarukia koti lake, na nyuma ya nyumba kuku wawili wakayaaga maisha.

"Amahoro, amahoro! Karibuni, wakwe zangu!" Fanta zikafunguliwa. Hamidu akabaki mdomo wazi. Asma hakubaki. Akasimama kama jemadari mbele ya lango la mji.

"Baba Directeri, naomba kuuliza. Mahari ikitajwa, watu wakakubali, fatiha ikasomwa, baba wa mwari anaweza kuamka kesho akaongeza?"

"Astaghfirullah!" akanguruma Directeri, akitaka wakwe wamwone muungwana. "Huo ni wizi! Mu nyumba hii neno likishakubaliwa limefungwa. Mbele ya wazee hawa naapa!"

"Murakoze, asante sana. Minervali yangu ilitajwa, tukakubali, mukapokea. Ninaomba ibaki vile ilivyokuwa."

Fanta ikakwama kooni mwa sultani. Akazitazama zile kanzu moja moja, akaona kila moja ina masikio mawili.

"Kwani... hamukuja kwa Aisha?"

"Hapana, Baba."

"Kumbe." Akajifuta jasho kwa tai. "Basi rudi darasani. Kwa bei ile ile."

"Na wenzangu tuliopokewa pamoja?"

"Na wenzako!" akalia, kama mtu anayegawa mkoa.

Pigeni vigelegele, enyi watu wa Muhuta! Itikieni, enyi watu wa Kabezi! Falme zimeanguka kwa mizinga, lakini huyu ameangushwa na soda aliyoinunua mwenyewe!

Hapo pazia likafunguka, akatoka mke wa Directeri, uso unang'aa kwa mvuke na furaha, mwiko mkononi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

"Wakwe, pilau imeiva!"

Directeri akamtazama mkewe. Kisha akasogea kando ya mlango.

"Ingieni," akasema polepole. "Ingieni mule pilau."