Samaki-Mbwa wa Jirani Rezső

Jumatano, 1 Aprili
Gari la daktari wa samaki limepita tena kwangu bila kupunguza mwendo. Limesimama kwa Rezső. Kila Jumatano! Na yote kwa ajili ya visamaki vya urefu wa kidole kwenye dimbwi lake. Samaki-mbwa, maana mapezi yao huenda kama miguu ya mbwa anayekimbia. Zamani tukiwanasa tuliwatupa. Sasa vinamasi vimekaushwa, wamebaki wachache, na Rezső amekuwa mtu mkubwa. Daktari Emese anawahesabu, kisha wanakunywa kahawa barazani saa nzima. Nimechungulia uani, najua.

Kiti cha pili cha kwangu hakijakaliwa tangu mke wangu Gizi afariki. Mwaka wa tatu huu. Mtaroni kwangu kuna vyura tu, na vyura hawaletewi daktari.

Alhamisi, 2 Aprili
Wazo! Nikipata samaki, daktari ataingia kwangu. Rezső alipokwenda kanisani nilipenya uani na chujio la tambi la marehemu. Nimevua watatu. Mmoja, mnene, aligoma kutoka kwenye kishimo chake cha matope, akalipiga chujio kwa kichwa. Huyo nimempenda! Wako kwenye ndoo jikoni. Wanapanda juu kuvuta hewa, wanashuka. Nimewasimulia habari za goti langu. Hawakunikatiza.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili
Rezső amekuja uani kwangu, uso umemshuka. Mama mmoja wa samaki ametoweka. Kumbe jike huchimba kishimo, hutaga, humfukuza dume, kisha hulinda mayai peke yake mpaka yaanguliwe. Sasa mayai hayana mlinzi, na Rezső ameshinda na kijiti akifukuza wadudu wa majini. Akauliza kama nimeona korongo. Nikasema nimemwona, mkubwa kweli!

Roho inanisuta. Lakini Emese anakuja Jumatatu kwa sababu hii, sikukuu au si sikukuu. Mama nitamrudisha Jumanne.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili
Nimeandaa nyama ya nguruwe na mayai kwa watu wawili. Nimekula ya wote wawili. Mama wa samaki hali kitu. Anazunguka ndoo, anazunguka. Nikamwomba radhi, kisha nikaona haya kulia mbele yake.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili
Leo ni siku ya wanaume kuwamwagia wanawake maji wasinyauke kama maua. Vijana wa siku hizi hunyunyiza marashi. Mimi ni mtu wa ndoo! Emese aliposhuka garini nikatoa shairi langu la ua bustanini, nikachukua ndoo mlangoni, nikammwagia yote.

Kitu kikafurukuta kwenye kola yake. Ndoo siyo! Ya samaki niliitoa jikoni asubuhi wapate hewa, nikaiweka kando ya ile ya maji.

Rezső akaja mbio, tukatambaa majanini sote watatu tukiwaokota. Samaki wote wazima, ni wazuri wa kuvuta hewa. Emese, amelowa chapachapa, alimtambua mama kwa mkia uliokatika ncha. Akasema, mzee wangu, hawa wanalindwa na sheria, umefanya nini? Nikakiri kwamba korongo ni mimi. Rezső akasema korongo gani huyo anavaa kofia na soksi zisizofanana.

Nusu ya mayai yalikuwa yameshaoza. Tulipomrudisha dimbwini, mama akaingia moja kwa moja kishimoni, akaanza kuyapepea yaliyobaki. Nilitamani ardhi inimeze.

Rezső akaniuliza taratibu, wewe Ödön, kwa nini hukugonga mlango tu?

Jumatano, 8 Aprili
Adhabu yangu: kila Jumatano nifukuze bata wasifike dimbwini. Leo barazani kulikuwa na kiti cha tatu. Kahawa, keki ya mbegu za mpopi. Emese ameniongezea kipande bila kuulizwa. Mama bado yuko kishimoni, amemfukuza hata mumewe.

Wakati wa kuagana Rezső akasema, bwana we, njoo siku yoyote, mlango haufungwi. Siku yoyote! Hayo watu husema tu. Nani anagonga mlango wa mtu bila sababu? Na Jumatano ijayo iko mbali.

Kwa hiyo nimeondoka na kijiko chake cha sukari mfukoni. Atakuja kukidai. Nimefuta vumbi kiti cha Gizi, nimeweka maji ya kahawa jikoni.

Saa kumi na mbili jioni. Hajaja. Kijiko ni kidogo mno, hajagundua. Kesho nachukua birika lake.