Mwonjaji Rasmi Ashuka Malindi

Mwaka wa 1986 bei ya kahawa ilipanda duniani hata watu wasioujua mti wake wakawa wanaizungumzia kama binamu yao aliyepata cheo. Mwaka huohuo Laban Gitau alishuka Malindi. Alikuwa ameihama Nairobi kwa sababu ambazo polisi wa Nairobi wangezieleza vizuri zaidi. Mali yake yote ilikuwa suti moja ya kijivu, sauti nzito kama ya msomaji wa habari redioni, na koti jeupe aliloliiba katika ghala la kahawa alikowahi kufanya kibarua cha kufagia.

Humo ghalani aliwaona waonjaji kazini. Wanachota kahawa kwa kijiko, wanaifyonza kwa kelele, wanaizungusha mdomoni, wanaitema kwenye ndoo, kisha wanatamka neno moja ambalo hakuna anayethubutu kulipinga. Kazi ya kufagia hakuipenda. Ile ya kutema aliipenda sana.

Asubuhi moja alikuwa ameketi barazani Shela, mtaa wa kale wa mji, mbele ya muuza kahawa aliyekuwa akigonganisha vikombe, aliposikia wanaume wawili wakizozana. Mmoja alikuwa Joram Thuku, mtu wa Murang'a aliyekuja pwani na gunia la viazi na sasa ana baa na hoteli njia ya ufukweni. Thuku alinunua mashine ya kahawa kutoka kwa Mwitaliano aliyekuwa akirudi kwao, na tangu siku hiyo alitembea kana kwamba ameinunua Italia nzima. Wa pili alikuwa Kitsao Dena wa Kilifi, mwenye hoteli karibu na feri, aliyeamini kwamba kahawa ilizaliwa jikoni kwake.

"Mashine yako ile, bwana, yatoa mvuke na makelele," Dena alikuwa akisema. "Kahawa hatujaiona bado."

"Na yako ni supu ya tangawizi. Mzungu akiinywa anapelekwa hospitali."

"Hoteli zote za watalii zitakuja kwangu, utaona!"

"Zitakuja kwangu!"

Laban akasikiliza jinsi mvuvi anavyosikiliza maji. Akainua kikombe, akafyonza kahawa kwa kelele iliyowashtua njiwa, akaizungusha mdomoni, kisha akaitema karibu kabisa na viatu vya Thuku.

"We! Mbona watema kahawa ya watu?" Dena akamaka.

"Samahani, mzee wangu. Tukiwa kazini hatumezi."

"Kazi gani hiyo ya kutema?"

Laban akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyeapishwa. "Mabwana, nimekuja kimyakimya. Mimi ni Mwonjaji Rasmi. Nimetumwa kuitafuta kahawa bora ya pwani, na atakayeshinda atapewa zabuni ya kupeleka kahawa katika hoteli zote za watalii, kuanzia Kilifi hadi Ngomeni. Lakini nawaomba, mji usijue."

Kabla ya adhuhuri mji mzima ulijua.

Kuanzia siku ile Laban hakununua chakula tena. Aliizunguka Malindi na koti lake jeupe, na kila alipoingia alipanguziwa kiti. Alitema mtaa wa Barani, akatema sokoni, akatema kwa heshima kubwa mbele ya msikiti mpaka akaombwa asogee. Wenye hoteli walimletea samaki, pilau na mahamri ili ulimi wake uwe na nguvu za kuhukumu. Katika siku zile Laban alinenepa kidogo, na hakuna aliyejiuliza kwa nini kuonja kahawa kunahitaji kuku mzima.

Thuku ndiye aliyetangulia kuelewa mambo ya wakubwa. Alimwalika ofisini kwake, yaani chumba cha kuwekea kreti za bia, akamsukumia bahasha nene. Juu yake akaweka saa ya mkononi yenye mkanda wa dhahabu, au rangi ya dhahabu.

"Hii si rushwa," akasema.

"Ingekuwa rushwa ningekasirika," Laban akajibu, akivaa saa.

Dena naye alisafiri kuja Malindi na redio kubwa ya kaseti na bahasha yake, nene kuliko ya Thuku, kwa kuwa alikuwa amemhonga mhudumu wa Thuku amweleze unene wa ile ya kwanza. Laban akamwahidi ushindi. Akamwahidi na Thuku. Ahadi hazina gharama, na Laban alikuwa mkarimu.

Mshindani wa tatu alikuwa Jedida Waruguru, mwenye kihoteli cha chai na chapati nyuma ya soko. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sura, anayecheka kwa mabega. Kwao Nyeri baba yake alilima kahawa maisha yake yote, na nyumba nzima ilikunywa chai. Kahawa yenyewe Jedida aliiona ghali mno kuwapa wateja. Alichowauzia, kusema kweli, kilikuwa mahindi: yale ya njano ya msaada, yaliyobaki tangu njaa ya themanini na nne, aliyoyakaanga mpaka yakawa meusi, akayasaga, akatia kijiko kimoja cha kahawa ili dhamiri isimsumbue.

Laban alipofika kwake mara ya kwanza, aliletewa kikombe cha mahindi hayo. Akafyonza. Akafumba macho. Akatema.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "hii ni kahawa ya Nyeri. Imelimwa upande unaopigwa na jua la asubuhi. Ni daraja la kwanza kabisa."

Jedida akakitazama kikombe. Kahawa yote iliyokuwamo humo ingetosha kumlevya mbu. Wapo watu ambao wangecheka, na wapo ambao wangemfukuza. Jedida akamwongezea kikombe.

"Eeh! Umejuaje, Bwana Mwonjaji?"

"Ni kipawa, mama."

"Mungu amekupa wewe peke yako," akasema Jedida, na mabega yakaanza kucheza.

Alimwacha azunguke, atafune na apokee bahasha, asimwambie mtu neno. Siku chache kabla ya shindano, Laban mwenyewe akaja kumtafuta.

"Mama Jedida, wenzako wameonyesha nia. Mbona wewe uko kimya?"

"Pesa sina, Bwana Mwonjaji. Mimi nina buni tu."

"Buni?"

"Sauti chini! Ya magendo. Kaka yangu aliishusha kutoka kwetu ndani ya lori la viazi, magunia tele, iko Mnarani, ng'ambo ya feri ya Kilifi, inalala. Kuna nahodha Ngomeni anaitaka aipeleke Somalia, na bei anayotoa, ukiisikia utakaa chini. Lakini mimi ni mwanamke wa chapati. Nikisimamishwa barabarani nitasema nini? Wewe mtu wa serikali, mwenye koti, nani atakufungulia gunia?"

Laban akasogeza kiti karibu. Alikuwa ameishi miaka mingi kwa kuwaambia watu kile walichotaka kusikia, na sasa alikuwa akiambiwa yeye, wala hakuutambua mchezo.

"Serikali haiwezi kujihusisha na magendo," akasema. "Lakini inaweza kuyakagua."

Wakavuka feri hadi Mnarani. Ghalani, Jedida akafungua gunia la mbele, Laban akaingiza mkono hadi kifundo. Buni ya kweli, ya kijani, baridi, yenye kunukia. Akaomba la pili lifunguliwe, na huko pia akaingiza mkono hadi kifundo. Angeuingiza hadi kiwiko, mambo yangeishia hapohapo. Lakini kiwiko kilikuwa ndani ya suti, na suti ilikuwa moja.

"Unataka nini?" akauliza.

"Sitaki kukuumiza. Nipe ulicho nacho sasa hivi, faida ya nahodha iwe yako. Mimi nataka tu kushinda."

Bahasha ya Thuku ikaenda. Bahasha ya Dena ikaenda. Redio ikaenda. Jedida akautazama mkono wa Laban, akakohoa kidogo, na saa nayo ikaenda.

Shindano lilifanyika Jumamosi uani kwa Thuku. Palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, ndoo mpya ya kutemea, na umati wa watu waliokuja kwa sababu hakukuwa na kiingilio. Wengi wao hawakuwahi kunywa kahawa ya mashine, lakini kila mmoja alikuwa na msimamo mkali juu yake.

Thuku akatangulia. Alikuwa amevaa tai. Akabonyeza kitufe, mashine ikanguruma, ikatetemeka, ikapiga mluzi, ikamrushia mvuke usoni mpaka tai ikalegea, kisha ikadondosha kijiko kimoja cha maji meusi. Umati ukapiga kelele za furaha. Laban akaonja.

"Ina ujasiri," akasema, akatema.

Dena akaleta mdele, birika lake la shaba lililosuguliwa likang'aa. Kwa kutaka uhakika alikuwa ameongeza tangawizi, na kwa kutaka uhakika zaidi akaongeza pilipili manga. Laban akafyonza, akasimama, akakaa, machozi yakamtiririka.

"Analia!" Dena akawageukia watu. "Mwaona? Imemgusa moyo!"

Mwisho Jedida akaja na birika lake la bati na mahindi yake ya msaada. Laban akafyonza taratibu, akafumba macho, na uani kukawa kimya kama kanisani.

"Ganda la chungwa," akasema. "Moshi wa mbali. Mvua ya kwanza juu ya udongo mwekundu. Mabwana na mabibi, nimezunguka nchi hii yote, na leo nimefika."

Watu wakapiga makofi. Wapo waliosema baadaye kwamba wao pia walikuwa wameisikia ile mvua ya kwanza, tena kabla yake. Jedida akatangazwa bingwa wa kahawa ya pwani, akapiga goti, akashukuru, akasema anaenda kumwambia mama yake. Laban akajipenyeza nyuma ya jengo, akapanda pikapu ya kukodi iliyokwisha kupakiwa magunia, akashika njia ya kaskazini. Njia nzima alikuwa akiimba.

Ngomeni akamuulizia nahodha wa Somalia. Watu wakamwonyesha wavuvi wa kamba, mtu anayetengeneza nyavu, na mzee aliyewahi kufika Kismayu alipokuwa kijana lakini hakupapenda. Nahodha hakuwapo na hakuwahi kuwapo. Laban akaanza kutokwa na jasho ambalo halikuwa la jua. Akalishusha gunia, akalikata, safari hii akaingiza mkono hadi begani.

Juu palikuwa na shibiri moja ya buni. Chini yake, mpaka mwisho, kunde. Zilikuwa zimeliwa na fukusi zikabaki matundu yanayoshikana mikono. Akakata la pili. Akakata yote. Wanawake waliokuwa wakianika samaki wakaja kutazama.

"Bwana wauza hizo?" mmoja akauliza.

Laban akazikung'uta kunde mkononi.

"Maana hata kuku watakushtaki," akasema mwanamke yule, na wenzake wakaangua kicheko.

Dereva wa pikapu alipoona abiria wake hana pesa ya kumlipa, alichukua ile buni kidogo iliyokuwa juu ya magunia, akachukua na suti, akaondoka. Koti jeupe alimwachia, kwa kuwa lilikuwa limetota jasho.

Laban akarudi Malindi kesho yake, mwendo mwingi kwa miguu, amevaa kaptura na koti jeupe lililogeuka rangi ya vumbi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya soko, akiwa amejiandalia matusi yote aliyoyajua kwa lugha tatu. Kihoteli kilikuwa kimefungwa. Hata ubao wa bei ulikuwa umeng'olewa. Mbele ya mlango walisimama Joram Thuku na Kitsao Dena.

Laban akafikiria kukimbia, kisha akaacha. Akangoja kipigo.

"Bwana Mwonjaji!" Thuku akamkimbilia. "Tunakutafuta tangu asubuhi. Huyu mwanamke ametoroka. Amepanda basi la Mombasa jana na sufuria zake zote."

"Na redio kubwa kama yangu ile," Dena akasema. "Sikujua alikuwa na redio."

"Basi bingwa akitoroka, zabuni inakwenda kwa nani?" Thuku akauliza. "Inakwenda kwa wa pili. Sasa sema mbele ya huyu. Wa pili ni nani?"

"Sema, bwana. Ulilia kwa kahawa ya nani?"

Laban akaketi kwenye ngazi. Kitu ndani yake kilikuwa kimechoka.

"Hakuna wa pili," akasema. "Hakuna zabuni. Hakuna aliyenituma. Mimi si mwonjaji, nilikuwa mfagiaji. Mnanisikia? Mimi ni mwizi."

Wale wawili wakatazamana. Kisha Thuku akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyefumbuliwa macho, akamshika Laban mkono, akamvuta kando.

"Nimekuelewa," akanong'ona. "Dena amekupa ngapi useme hivyo?"

"Hajanipa kitu! Naapa kwa mama yangu, mimi ni mwizi!"

"Usipandishe sauti. Sikusema ni kidogo." Mkono wa Thuku ukazama mfukoni.

"Bwana Mwonjaji!" Dena akaita, akija upande wa pili, naye amekwisha kutoa pochi. "Usimsikilize huyo. Mimi nilikuelewa tangu uliposema mfagiaji."

Laban akaapa mara nyingine, kwa Mungu na kwa kaburi la baba yake, na kila alipoapa pochi zilifunguka zaidi. Mwisho akanyamaza, akapokea kwa mkono wa kulia, akapokea kwa mkono wa kushoto, akaenda stendi ya mabasi. Hakuwa amepata kusema kweli tupu namna ile maishani mwake, wala kulipwa vizuri hivyo. Nyuma yake Thuku na Dena walibaki mlangoni, wakishikana mashati, kila mmoja akitaka mwenzake akiri kwamba ni wa tatu.