Raba Nyekundu, Bega Langu na Ndama

Jumatatu, 9 Juni 2025
Bega la kulia bado linacheza kama mlango uliolegea. Lilitoka Aprili nikishusha kikapu cha majani chai. Edinah, daktari wa mazoezi, amenipa raba nyekundu, mkanda mrefu wa kuvutika. Niifunge mlangoni, kiwiko nikibane ubavuni, nivute polepole mara kumi na tano, asubuhi, mchana na jioni. Polepole! Mimi, mwenye mtoto wa miezi saba na ng'ombe wa kukamua!

Lakini lazima. Jumapili Kiplimo wangu anawekwa wakfu kanisani, na mama ndiye humwinua mtoto kumpa pasta. Edinah atanipima Ijumaa. Akikataa, mtoto atainuliwa na wifi yangu Rodah, ambaye ameshatangaza hadi sokoni Merigi kwamba mimi nitamwangusha. Ngoja aone.

Jumatano, 11 Juni
Nimepata akili! Mlango wa nini? Wakati wa kukamua ni lazima ndama azuiwe asimalize maziwa. Basi: raba shingoni mwake, ncha nyingine mkononi mwangu. Yeye anavuta kwa mamake, mimi navuta kwangu. Mkono wa kushoto unakamua. Nimefika mara hamsini kabla ya chai!

Rodah akachungulia uani akauliza nani anamfundisha mwenzake. Nikamwambia hii ni matibabu ya kisasa. Alicheka hadi akashika mti.

Alhamisi, 12 Juni
Bega limevimba. Nguvu inaingia. Mume wangu Kipkurui anasema hajawahi kuona nguvu ikiingia na mtu akipiga kelele hivyo. Anajua nini huyu? Anajua redio.

Ijumaa, 13 Juni
Ndama ameshinda. Nakumbuka maziwa, halafu matope, halafu bega likiwa mahali si pake. Kule kliniki wamelirudisha mahali pake. Edinah akauliza niliifunga raba wapi. Mlangoni, nikasema. Akaitazama nguo yangu, akauliza kama mlango wetu una kwato.

Mkono ukae kwenye kombeo la kitambaa wiki tatu. Kuinua mtoto, hapana. Nimelia njiani. Kidogo tu.

Jumapili, 15 Juni
Rodah amemwinua. Sikatai, alimshika vizuri. Lakini nilimvisha mimi, kwa mkono mmoja, vifungo vyote sita, na nikamfukuza kila aliyekuja kusaidia.

Kwa pasta, Kiplimo akalia hadi kwaya ikanyamaza. Rodah akarudi mbio: Mama Kiplimo, shika mtoto wako! Nikaketi, akamlaza kwenye mkono wangu wa kushoto. Kimya papo hapo. Kanisa zima limeona. Rodah akaninong'oneza nipone haraka, kijana ni mzito, na anayemtaka ni mimi. Nilijifanya sijasikia, ili arudie. Akarudia.

Jumanne, 8 Julai
Kombeo limetoka! Zoezi jipya: nisimame wima, nibonyeze ukuta kwa kiganja nikihesabu hadi tano, mara kumi. Edinah amesisitiza: taratibu, na kitu kisichosogea. Nikifanya hivyo wiki nne, nitambeba Kiplimo kwa mikono miwili.

Wiki nne! Nimepiga hesabu nyingine. Mvua imenyesha tangu jana, na lori la majani chai limezama hadi ekseli pale kwenye kona. Wanaume wanane wamelisukuma, halijasogea hata kidogo. Ni ukuta kabisa, tena mkubwa. Nimemwambia Kipkurui ashike mtoto. Naenda.